Mizani Mbili katika Khabari za Wakubwa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwenyezi Mungu, Aliyetukuka, katika mwanzo wa Suratul Mutaffifin amewaonya kwa maangamizo watu wa namna moja: wale ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kijae, na wakiwapimia wenzao hupunguza. Wengi wetu tuisomapo sura hii fikira zetu huenda sokoni, kwa mwenye duka anayeegemeza kidole katika mizani, au kwa mpimaji mchele mwenye kibaba kilichobonyea. Hiyo ndiyo maana yake iliyo dhahiri, wala hatuikanushi. Lakini si mchele na sukari tu vipimwavyo baina ya watu. Heshima za watu nazo hupimwa kila siku: nani asifiwe na nani afedheheshwe, kosa la nani litangazwe mpaka mtoto mdogo alijue, na kosa la nani lifunikwe kombe ili mwanaharamu apite.

Ndugu kadhaa katika darasa letu wametuuliza: Je, ni kweli kwamba magazeti na watangazaji wa khabari wana mizani mbili? Kwa nini kashfa ya mkubwa mmoja huandikwa mwezi mzima, na mwingine aliyefanya lililo zito zaidi hupita kimya? Na Mwislamu afanyeje anaposikia khabari hizo? Swali hili ni la maana, khasa katika nchi yetu ambayo kila uchaguzi ukikaribia fedheha za wanasiasa huwa ndiyo mazungumzo ya barazani. Jawabu yetu ni kwamba malalamiko haya yana ukweli ndani yake. Lakini yule anayelalamika naye yampasa atazame mizani yake mwenyewe.

Tumechagua mfano wa zamani kwa sababu mbili. Ya kwanza, vumbi lake limekwisha kutua, na karatasi nyingi zilizokuwa siri zimefunuliwa, basi twaweza kusema kwa ilimu wala si kwa dhana. Ya pili, sehemu moja ya mfano huu ilitokea papa hapa kwetu, ukingoni mwa Mto Tana. Ni mfano wa maneno matatu yasiyo ya kweli, yaliyosemwa na serikali moja ya Uingereza, ya chama kimoja, katika muda usiozidi miaka saba. Na tutazame kila moja lilipimwa kwa kipimo gani.

URONGO WA KWANZA: SUEZ, 1956

Tarehe 26 Julai 1956 Gamal Abdel Nasser, Rais wa Misri, aliutia mfereji wa Suez mikononi mwa dola ya Misri. Kabla ya hapo ulikuwa chini ya kampuni ambayo hisa zake nyingi zilikuwa za Waingereza na Wafaransa. Serikali ya Uingereza, chini ya Waziri Mkuu Anthony Eden, ikatafuta njia ya kuurudisha kwa nguvu. Baina ya tarehe 22 na 24 Oktoba wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walikutana kwa siri katika nyumba moja huko Sèvres, karibu na Paris. Wakapatana kuwa Israeli iishambulie Misri. Kisha Uingereza na Ufaransa zijitie kuwa wasuluhishi, ziziamrishe pande zote mbili ziondoke kandoni mwa mfereji. Na Misri ikikataa, kama ilivyojulikana kuwa itakataa, zipate kisingizio cha kuingia vitani. Mapatano hayo yakaandikwa na yakatiwa sahihi. Tarehe 29 Israeli ikashambulia, tarehe 30 amri ikatolewa, na tarehe 31 ndege za Kiingereza zikaanza kuipiga Misri. Mamia ya watu wa Port Said wakauawa.

Siku hiyo hiyo ya tarehe 31 Waziri wa Mambo ya Nje, Selwyn Lloyd, ambaye alikuwa amekwenda Sèvres kwa nafsi yake, aliliambia Bunge la London kwamba hapakuwa na mapatano yoyote na Israeli kabla ya jambo hilo. Tarehe 20 Disemba Eden naye akasimama Bungeni akakanusha kwamba serikali yake ilijua mbele kuwa Israeli itashambulia. Ilhali nakala za Kiingereza za yale mapatano zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri yake.

Je, watu hawa walifanywa nini? Eden alijiuzulu tarehe 9 Januari 1957, na sababu iliyotajwa ni ugonjwa. Mwaka 1961 akavikwa cheo cha Earl of Avon. Selwyn Lloyd alibaki katika kazi yake mpaka 1960, akafanywa Waziri wa Fedha, na mwaka 1971 akachaguliwa kuwa Spika wa Bunge lile lile alilolisemea yasiyo ya kweli. Mwaka 1967 Anthony Nutting, aliyekuwa waziri mdogo akajiuzulu kwa ajili ya vita vile, alitoa kitabu akaeleza siri ile kwa watu wote. Lakini hakuna aliyeitwa kujibu.

URONGO WA PILI: HOLA, 1959

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusi waliokamatwa kwa mambo ya Mau Mau, waliofungwa bila ya kuhukumiwa, walitolewa kwenda kulazimishwa kufanya kazi. Ulikuwako mpango ulioandikwa wa kuwalazimisha, na wakubwa walikuwa wameukubali. Wale waliokataa walipigwa marungu na askari walinzi mpaka wakafa watu 11.

Siku ya pili yake serikali ya Nairobi ilitoa tangazo. Lilisema kwamba vifo vimetokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka katika gari la maji. Mtazame, ndugu msomaji, ufundi wa maneno haya. Mwenye kusoma nahau ajua tafauti iliyopo baina ya "baada ya" na "kwa sababu ya". Mwandishi wa tangazo hakusema kuwa maji yamewaua. Alisema tu kuwa walikunywa, kisha wakafa, akamwachia msikilizaji aziunge mbili hizo mwenyewe. Huu ni urongo uliovishwa nguo ya ukweli, na ni mbaya zaidi kuliko ule ulio uchi, kwa kuwa mwenye kuusema hujiona amesalimika.

Hakimu alipofanya uchunguzi wa vifo alithibitisha kuwa watu wale walikufa kwa kupigwa. Khabari ikafika Bunge la London, na usiku wa tarehe 27 Julai 1959 ikajadiliwa. Katika waliosimama ni Enoch Powell, mtu wa chama kile kile cha serikali, akasema kwa maana hii: kwamba Waingereza hawawezi kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani kwao na kipimo kingine Afrika. Hilo ni neno la haki. Na Powell huyo huyo ndiye ambaye mwaka 1968 alitoa hotuba ya kuwachukiza Waingereza na wageni weusi waliohamia kwao. Twalitaja hili ili ijulikane kwamba haki hupokewa kutoka kwa yeyote aliyeitamka, na kosa hukataliwa kwa yeyote aliyelitenda.

Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, hakung'olewa kwa ajili ya Hola. Uchaguzi wa Oktoba 1959 chama chake kilishinda na viti vikazidi, na mwaka 1960 yeye akapewa cheo cha Viscount. Hapana hata mtu mmoja aliyefikishwa mahakamani kwa kuwaua watu wale 11. Mwaka 2011 ilibainika kuwa maelfu ya mafaili ya makoloni yalikuwa yamefichwa katika nyumba ya serikali huko Hanslope Park. Mwezi wa Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza ilipotamka kuwa yasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa katika zama zile za hali ya hatari. Yaani ilikuwa imepita miaka 54 tangu Hola.

URONGO WA TATU: LONDON, 1963

Hapa hatutaeleza yasiyopendeza kuelezwa. Yatosha kusema kuwa John Profumo, Waziri wa Vita, alikuwa na mahusiano yaliyoharamishwa na mwanamke asiyekuwa mkewe, na mwanamke huyo alijuana pia na ofisa wa ubalozi wa Urusi. Tarehe 22 Machi 1963 Profumo alisimama Bungeni akakanusha. Tarehe 5 Juni akakiri kuwa alisema urongo, akajiuzulu.

Hapo ndipo magazeti yalipofunguka midomo. Gazeti la News of the World lilimnunua mwanamke yule khabari zake kwa pauni 23,000. Tarehe 11 Juni The Times, gazeti la wakubwa, liliandika kuwa jambo hili ni la maadili ya taifa. Jaji Denning akaamrishwa afanye uchunguzi, na ripoti yake ilipotoka tarehe 26 Septemba watu walipanga safu usiku kuingojea. Zikauzwa nakala zaidi ya 100,000. Mtu mmoja aliyehusishwa na jambo lile, tabibu wa viungo, alijiua kabla ya kusomewa hukumu. Na Profumo hakurudi tena katika siasa. Alikwenda kuwatumikia maskini katika nyumba ya khairi ya Toynbee Hall, mashariki ya London, akadumu katika kazi hiyo miaka mingi. Akafa mwaka 2006.

TUPIME SASA

Tuyaweke matatu haya pamoja. Mmoja alisema urongo juu ya mwanamke. Akapoteza kazi, jina na cheo, na jambo lake likaandikwa mpaka likawa hadithi ya dunia. Wawili walisema urongo juu ya vita. Mmoja akapewa cheo cha enzi, wa pili akafanywa Spika. Na wengine walitoa tangazo la gari la maji juu ya maiti 11, na mahakama haikuwaona.

Hatusemi kuwa kosa la Profumo lilikuwa dogo. Zina ni katika madhambi makubwa, na kulidanganya Bunge ni khiyana, na khofu ya siri za dola kuvuja ilikuwa na sababu. Wala hatusemi kuwa magazeti yangenyamaza. Twasema kwamba kama urongo mbele ya Bunge ndio uliomwangusha huyu, basi urongo mbele ya Bunge uliwastahilia na wale. Na kama roho za watu zina uzito, basi mizani ilipinduliwa juu chini.

Huenda mtu akatupinga na kusema: Suez ilikuwa siri; gazeti laweza kuandika lipi lisilolijua? Neno hili lina haki, nasi twalikubali kwa sehemu yake. Ushahidi wa Sèvres haukuwamo mikononi mwa waandishi mwaka 1956. Lakini ulipotoka mwaka 1967, wengi wa wahusika walikuwa hai, na hawakuandamwa kama alivyoandamwa Profumo. Na katika Hola hapakuwa na siri: miezi michache baada ya vifo hukumu ya hakimu ilikuwa imechapishwa, na kila mwenye kutaka kusoma alisoma. Kwa hivyo udhuru wa kutojua haufai kwa yote.

Tukiuliza nini kilichoifanya mizani ipinde, twaona mambo manne.

La kwanza ni aliyedhulumiwa. Waliokufa Hola na Port Said hawakuwa na kura London, wala gazeti, wala jamaa katika wakubwa. Aliyekosewa na Profumo ni Bunge lenyewe na heshima ya chama. Fedheha hupigiwa kelele kwa kadiri ya ukubwa wa yule iliyemuuma, wala si kwa kadiri ya ukubwa wa dhulma.

La pili ni wepesi. Khabari ya chumbani haihitaji kufikiri. Kila mtu huielewa na nafsi huitamani. Khabari ya mapatano na mpango wa kambi yataka subira, kusoma karatasi na kujua nchi za mbali. Na gazeti ni bidhaa, huuza kinunuliwacho. Basi mnunuzi naye ana fungu lake katika dhambi.

La tatu ni kuamini neno la serikali. Tangazo lenye mhuri huandikwa kama lilivyo, na neno la mahabusi huitwa madai.

La nne ni khofu. Wakati wa vita mwenye kuhoji huitwa msaliti. Na katika hili ni wajibu wetu kuwafanyia insafu waliosimama. Gazeti la Manchester Guardian na la The Observer yaliipinga vita ya Suez waziwazi, na The Observer likapoteza wasomaji na watangaza biashara kwa ajili hiyo. Idhaa ya BBC nayo, ijapokuwa Eden hakupenda, ilimpa kiongozi wa upinzani nafasi ya kumjibu tarehe 4 Novemba 1956. Mwenye kusema kuwa magazeti yote ya Wazungu ni marongo, amefanya lile lile analolilaumu: amepima kwa kutazama rangi ya ngozi.

NA SISI JE?

Mpaka hapa msomaji wetu amefurahi, kwani amesikia aibu ya wengine. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Tangu mwaka 1954 idhaa ya Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili, na wazee wetu wa pwani waliisikiliza kwa mapenzi, nayo iliusema ukoloni yaliyoufaa kusemwa. Lakini tarehe 5 Juni 1967 Sauti ya Waarabu kutoka Cairo ilitangaza kuwa ndege nyingi za Israeli zimeangushwa, na hali ndege za Misri zilikuwa zimeteketezwa viwanjani asubuhi ile ile. Umma mzima ulishangilia ushindi usiokuwako. Na mwaka huo huo Msalaba Mwekundu ulipata ushahidi wa gesi ya sumu iliyotupwa katika vijiji vya Yemen, ambako majeshi ya Misri yalikuwa yakipigana tangu 1962. Serikali ya Misri ilikanusha. Waliouawa ni Waislamu, na ndege hazikuwa za Waingereza wala za Wayahudi. Waliolilia Yemen kama walivyoililia Port Said walikuwa wachache. Kwa nini? Kwa kuwa aliyeshutumiwa alikuwa mtu wetu.

Maradhi haya ni ya zamani, na Qur'ani imeyatibu. Wafasiri wametaja sababu ya kuteremshwa aya ya 105 na zinazofuatia katika Suratun Nisaa. Riwaya ni zaidi ya moja, na katika iliyo mashuhuri ni kwamba mtu mmoja wa Madina, aliyejiita Mwislamu, aliiba deraya ya jirani yake ikiwa ndani ya mfuko wa unga, kisha akaiweka kwa Yahudi mmoja. Deraya ikapatikana kwa Yahudi. Jamaa za mwizi wakamwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamtaka amtetee mtu wao, kwani asipomtetea atafedheheka yeye na Yahudi atasalimika. Ushahidi wa dhahiri ulikuwa upande wao, na kabila lilikuwa lao, na hali ya mji ilikuwa na uadui na Mayahudi. Ndipo wahyi ukateremka, ukamkataza Mtume asiwe mtetezi wa makhaini, ukamsafisha Yahudi, na ukabainisha katika aya ya 112 kwamba mwenye kutenda dhambi kisha akamtupia asiye na hatia amebeba dhulma na dhambi iliyo wazi.

Tafakarini, ndugu zetu. Lau dini hii ingekuwa ya kuwatetea watu wetu kwa kuwa ni wetu, pale ndipo pangekuwa mahali pake. Lakini zikateremka aya zitakazosomwa mpaka Kiyama, kumtetea mtu asiyekuwa Mwislamu juu ya aliyejiita Mwislamu.

Na kisa cha mwanamke wa Bani Makhzumu wengi wetu twakijua. Aliiba, naye ni wa nyumba kubwa ya Makureshi. Jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume, akamwombee. Mtume akaghadhibika, akawahutubia watu kwamba waliokuwa kabla yao waliangamia kwa sababu hii: mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimsimamishia hukumu, na akaapa kwamba hata binti yake Fatima angeiba angehukumiwa kama mwingine. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim.

MPAKA WA SITARA NA MPAKA WA KUSEMA

Hapa yapasa tutenganishe mambo mawili ambayo wengi huyachanganya.

Kuna dhambi ya mtu baina yake na Mola wake. Hii sharia yataka isitiriwe. Tumekatazwa kupeleleza na kusengenyana katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Na mwenye kumsingizia mtu zina bila ya mashahidi wanne amewekewa adhabu katika Suratun Nur. Uzushi uliomzukia Mama yetu Aisha, radhi za Allah zimshukie, ulienezwa Madina muda wa mwezi mzima, na katika waliouvumisha walikuwamo Waislamu wema, walioupokea kwa ndimi zao bila ya kufikiri. Kila mwenye kupeleka khabari ya namna hii kwa simu yake, toka kikundi hata kikundi, na asome aya ya 11 mpaka ya 20 za sura hiyo.

Na kuna dhulma iliyowapata watu: mali ya umma iliyoliwa, roho zilizouawa, hukumu iliyouzwa. Hii haina sitara. Katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu ametaja kuwa hapendi ubaya utangazwe, ila kwa yule aliyedhulumiwa. Na Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin amehesabu sababu sita zinazohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, na miongoni mwake ni kushitaki dhulma, kutaka msaada wa kuondoa munkari, na kuwahadharisha Waislamu na shari.

Tazameni basi: wauza magazeti aghlabu hugeuza hukumu hii. La chumbani, ambalo sharia yasitiri, hulifunua. Na la hazina na la kambi, ambalo sharia yafunua, hulifunika. Nasi tukifuata mkumbo wao, tutakuwa twaijua fedheha ya kila mkubwa na hatuijui hisabu ya hospitali yetu.

MWIBA ULIPO

Katika miji yetu ya pwani, akitajwa mkubwa wa kabila jingine kuwa amekula mali ya umma, twasema papo hapo: mwizi! Hatungoji ushahidi. Akitajwa wetu, twasema: aonewa, ni fitina, waandamwa Waislamu. Pengine ni kweli kuwa aonewa. Mambo hayo hutokea, na tumekwisha kuona kwamba magazeti yaweza kupunja. Lakini kuonewa huthibitishwa kwa ushahidi kama wizi unavyothibitishwa kwa ushahidi. Ujamaa si dalili.

Kisha mtu huyo huyo huja msikitini siku ya Ijumaa na bahasha, akatoa fedha za mazulia, au za paa la madrasa, na watu wakaitikia amina. Tangu siku hiyo midomo hufungika, na khatibu akataja katika khutba yake wezi wa nchi za mbali. Tuwaulize wenye misikiti: fedha hizo zikiwa ni za dawa zilizokosekana zahanatini, je, zulia hilo ni la nani? Ni la yule mama aliyerudishwa na mtoto wake mwenye homa kwa kuambiwa dawa hakuna. Mwenyezi Mungu ni mwema, hapokei ila kilicho chema.

Baada ya vita vya Khaibar aliuawa kwa mshale mtumishi mmoja wa Mtume aliyeitwa Mid'am. Watu wakasema: heri yake, amepata pepo. Mtume akawakataza, akawaambia kwamba shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inawaka moto juu yake. Waliposikia hivyo, mtu mmoja akaja na ukanda wa kiatu aliokuwa ameuchukua, akaurudisha. Huyu alikuwa mtumishi wa Mtume mwenyewe, amekufa njiani pamoja naye, na deni lake ni shuka moja tu. Basi ni sadaka gani ya mkubwa itakayomnyamazisha khatibu?

MAMBO YA KUSHIKA

Tukisikia khabari ya kashfa, tujiulize manne kabla ya kuipitisha.

Kwanza: imethibiti? Suratul Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuichunguze khabari ya asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na tutazame maneno yake, isije ikawa ni "baada ya" iliyovaa nguo ya "kwa sababu ya".

Pili: ni dhambi ya siri au ni dhulma ya watu? Ya siri tuisitiri. Ya watu tuiseme.

Tatu: lau aliyetajwa angekuwa wa upande wa pili, ningesema hivi hivi? Suratun Nisaa, aya ya 135, yatutaka tuwe mashahidi wa haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu, wazee wetu na jamaa zetu, awe tajiri au maskini. Na Suratul Maida, aya ya 8, yatukataza chuki ya watu isitupeleke katika kuacha uadilifu.

Nne: aliyedhulumiwa ni nani, na nani anayemtaja? Tukiona jina la mkubwa limejaa ukurasa na jina la mdhulumiwa halimo, tujue kuwa mizani imeinama, nasi tuliulize jina hilo.

MASWALI YA DARASA

1. Tangazo la Hola lilisema nini, na halikusema nini? Leteni tangazo jingine la namna hiyo mlilolisikia.
2. Katika kisa cha deraya, jamaa za mwizi walitoa hoja gani? Je, mmepata kuisikia hoja hiyo katika mji wetu?
3. Ni lipi katika makosa ya viongozi ambalo ni haramu kulitangaza, na ni lipi ambalo ni haramu kulinyamazia?
4. Msikiti ufanyeje uletewapo mali yenye shaka?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka, na asitujaalie miongoni mwa wenye kupunja, si katika kibaba wala katika neno. Wabillahit tawfiq.